Majina ya Wafu Saa ya Chakula

Mtoto akililia wembe, mpe, husema wahenga. Wahenga hao hawakumlea binti yangu. Angepewa wembe, angelia kwamba si ule.

Alikuwa na miaka mitatu, mwaka ule magugu yalipofunga ziwa pale Homa Bay na omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, wakawa wa kutafutwa kama dawa. Mchana huo nilikuwa nimebahatika kupata beseni moja. Nikawaosha, nikaliweka beseni sakafuni jikoni, kisha nikampakulia binti yangu ugali na kumkatia vipande. Kumbe aliutaka mzima! Akapiga yowe, akajibwaga chini, akarusha mateke, na beseni likapinduka. Omena wangu wote majivuni.

Nilishtuka, lakini si kwa sababu yake. Nilishtuka kuuona mkono wangu umeshainuka, umeshika mwiko wa kusongea ugali, ule mzito, na macho yangu yamelenga kichwa chake. Sikukumbuka kuuokota. Mimi, niliyekuwa hodari wa kuwasema wanaopiga watoto! Na mkono haukutaka kushuka.

Mama mkwe akaingia. Nilidhani atanipokonya mwiko au atanitukana, maana hatukupendana sana. Mimi ni Mkuria wa upande wa Migori, naye Mjaluo, na Kiswahili chetu cha kuungaunga ndicho pekee tulichoelewana. Hakufanya lolote kati ya hayo. Aliketi kwenye kigoda, akaanza kutaja majina ya wafu wa ukoo wao.

Kwa Wajaluo, mtoto mchanga asiyenyamaza husemekana analilia jina la marehemu fulani. Hutajiwa moja moja, na likifikiwa lile analolitaka, hunyamaza. Lakini huyu wangu alikuwa na meno kinywa kizima, na jina la marehemu alishapewa zamani. Nikaona bibi amechanganyikiwa.

"Nyar Migori, sema nyuma yangu," akaniambia; ndivyo alivyoniita, binti wa Migori. "Pole pole. Na upumue katikati."

"Mama, huyu si mchanga."

"Wewe sema."

Nikasema. Ulimi wangu wa Kikuria ukayavunjavunja majina ya watu waheshimiwa, babu mmoja baada ya mwingine, kisha nyanya zao. Kufikia la kumi hivi, mkono ulikuwa umechoka na kushuka wenyewe. Binti naye alikuwa amebaki na kwikwi, akisikiliza mama yake anavyoharibu maneno. Akacheka kidogo, kamasi puani, akaja kukalia mguu wangu. Nikamwambia samahani. Sikuwahi kumwomba mtoto samahani kabla ya siku hiyo. Tukaokota omena pamoja, tukawaosha upya.

Baadaye nikamwuliza mama mkwe ni jina lipi lililomnyamazisha.

"Hakuna. Huyo jina anayo. Hizo nilikuwa naitia wewe." Akaendelea kuchambua mboga. "Hata zingine nilitunga tu."

Nikamwuliza hayo alifundishwa na nani.

"Mimi hakuna mtu aliniitia," akasema bila kunitazama. "Bwana yako alikuwa mdogo kama huyu. Alikuwa analilia uji. Hiyo sikio yake ya kushoto, unafikiria iliharibiwa na nini?"

Miaka sita ya ndoa nilikuwa nikilala upande wake wa kulia ili anisikie, nikiamini ni surua.