Posa ya Mpira wa Pete

Viatu ndivyo vilivyonishtua. Binti yangu alirudi nyumbani na raba mpya za michezo, nyeupe pepe, za aina ambayo dukani huwekewa taa yake peke yake. Nikamuuliza kazitoa wapi. Akasema chuoni. Nikamuuliza mbona mwenzake hakupewa, na wanacheza timu moja. Akasema, "Eish, Mama," akaingia chumbani. Mimi ni mtu wa Tanga, na nimeshona nguo za watu hapa Yeoville, Johannesburg, miaka kumi na tisa. Akiingia mteja na kitambaa, najua kama kakinunua mwenyewe au kanunuliwa. Machale yakanicheza.

Huyo mwenzake ni binti wa mama mmoja Mrundi anayeuza mboga, wanakaa ghorofa ya chini yetu. Amekula kwangu tangu wako darasa la pili. Mimi na mama yake hatujawahi kuelewana juu ya dini wala juu ya kiasi cha chumvi, lakini watoto tuliwalea kama wa nyumba moja. Mpira wa pete ndio uliowaingiza chuoni wote wawili, wangu akiwa mfungaji, yeye mlinzi. Chuo chao kilikuwa kidogo, kiliwalipia ada tu, nauli na chakula juu yetu. Jioni walifanya mazoezi uani, mmoja anarusha, mwingine anazuia, mpaka watu wa chini wafungue madirisha na kuwatukana.

Baada ya viatu nikaanza kuona mengine. Simu ikawa inalazwa kifudifudi. Ikilia, anatoka nayo kwenye ngazi. Kisha jirani yangu Mkongomani, mwenye saluni, akaja na habari zake.

"Mama, mi nakuambia, ule bwana alikuya tena na motokari yake mweupe," alisema. "Alimungojea mutoto ku roboti, pale ku taa za barabara. Na mutoto aliingia mbele. Hakuingia nyuma!"

Kwetu mwanamume mtu mzima anayewafuata wasichana wa shule tunamwita fataki. Nikajua nimempata fataki wangu. Asubuhi, mtoto akiwa anaoga, nikaupekua mkoba wake. Sikuona manukato wala rangi ya mdomo, niliona chupa ya maji, soksi, na kadi yenye jina la mwanamume na namba ya simu. Mwenye akili zake angejiuliza maswali. Mimi nilikuwa nimeshapandwa na mori.

"Yule mtu wa gari jeupe," nilimwambia alipotoka bafuni, "mwambie aje hapa Jumapili saa tisa. Aje na watu wake, aingie kwa mlango."

Alisimama na taulo kichwani. "Umejuaje?"

"Mimi ni mama yako."

"Sikutaka ujue kabla sijaamua."

"Jambo hili haliamuliwi na mtoto peke yake," nikasema, nikajiona mama kweli kweli.

Kwetu posa haipokelewi kwa kificho. Binti husemewa na upande wa baba, lakini baba yake yuko Tanga na mke mwingine na hapokei simu, kwa hiyo nikamwita kaka yangu, anayeuza simu mjini. Akaja amevaa kanzu. Jirani wa saluni nikamwita awe shahidi, na angekuja hata bila kuitwa. Nikapika visheti, nikatia kahawa tangawizi. Na kwa kuwa siku kama hiyo mwenye kuposwa haandai meza, nikamwita yule mwenzake anisaidie jikoni. Nilimwambia tu kwamba kuna mgeni. Binti yangu alikuwa ameshuka kuwapokea wageni barabarani. Alipoingia nao na kumkuta mwenzake ameshika sinia, alinikodolea macho. Nikadhani ni haya za mwari.

Yule bwana alikuwa na umri wa miaka hamsini hivi, amevaa fulana yenye kola, na nyuma yake mwanamke kijana ameshika faili. Nikasema moyoni, na mke mdogo kaja naye! Kaka yangu akaanza kwa Kiingereza chake cha kuuzia simu. Wazazi wake wako hai? Mama yuko hai, yuko Durban. Dini gani? Mkristo. Ana mke? Mmoja, na watoto watatu. Alijibu yote kwa adabu, kama mtu aliyezoea kuhojiwa na wazazi. Kaka yangu akanitazama. Kisha yule mwanamke akafungua faili, na bwana akasema kwamba chuo chao kinatafuta mfungaji.

Nilitamani ardhi ipasuke. Alikuwa kocha. Chuo chao ni kikubwa, kina wafadhili wake, na walimtaka binti yangu ahame: ada yote, chumba Midrand, posho kila mwezi, viatu juu yao. Jirani yangu alijifunika mdomo na kanga niliyomwazima. Alikuwa anacheka.

Mtu mwingine angeona aibu akanyamaza. Mimi aibu ikinishika huzidi kusema, na shaka yangu yote niliyomtilia fataki nikaihamishia kwa kocha. Nani anatoa pesa yote hiyo kwa mtoto wa mwenziwe, arushe mpira kwenye pete? Akiumia goti, mtamrudisha? Akasema kuna bima. Sikuridhika.

"Kama ni nia njema," nikamuuliza, "mbona mnamchukua mmoja? Hawa wanacheza wawili."

"Mama, acha," binti yangu akasema.

Sikuacha. Nikarudia swali. Yule bwana, nadhani alitaka tu kunionyesha kwamba hana la kuficha, akaweka kikombe chini.

"Binti yako ametuuliza hilo hilo kwa miezi miwili," alisema. "Amekataa kusaini kwa sababu hiyo. Tumekwenda kumtazama yule mlinzi mara nne. Ni mfupi. Kwa kiwango chetu hafai."

Mlinzi mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na birika la pili. Ameishi Johannesburg tangu utotoni, Kiingereza anakijua kuliko sisi sote. Akaingia, akammiminia kila mtu kahawa, na yule bwana pia, bila kumwaga tone. Akarudi jikoni. Nikasikia vyombo vinaoshwa, kimoja kimoja, kisha mlango. Nilipokwenda kutazama, sufuria zilikuwa zimefunikwa na taulo limeanikwa. Nililia pale pale jikoni, na wageni wangu wamekaa sebuleni.

Walipoondoka, binti yangu alikaa kitini pa mjomba wake. "Ungeniuliza tu, Mama."

"Nilikuuliza."

"Hukuniuliza. Ulinikagua."

Mwenzake akaacha kumngoja asubuhi. Akawa anatoka mapema, anapanda teksi peke yake. Mazoezini alimpasia mpira kama anavyompasia mtu yeyote, hakumnunia, na hilo ndilo lililomshinda binti yangu. Baada ya wiki tatu akasaini. Kile alichokikataa miezi miwili, akakikubali ili tu aondoke uwanja ule. Posho yake ya kwanza aliniletea, nikanunua overloki, mashine ya kupindia nguo. Inashona vizuri, siwezi kusema uongo, lakini siipendi.

Mwaka uliofuata vyuo vyao vilikutana. Nilikwenda na kaka yangu, nikakaa katikati nisijue pa kupiga makofi. Mlinzi aliyepangiwa kumkaba mwanangu alikuwa yeye, huyo mfupi. Alijua kila mkono wa mwanangu unakoelekea kabla haujaelekea. Timu yake ilishindwa, lakini mwanangu hajawahi kupata shida namna ile.

Mchezo ulipokwisha nikamfuata kule kwenye mabenchi yao. Aliinuka, akanipa shikamoo kwa mikono miwili, akaniuliza hali ya miguu yangu na hali ya kazi. Nikamwambia, mwanangu, siku ile nilikosa. Akasema, "Usijali, anti." Miaka yote ameniita mama. Kisha akainama kufungua kamba za viatu.

Binti yangu alikuwa amenisubiri kwenye lango, jasho halijamkauka.

"Kasemaje?"

"Anakusalimia sana," nikasema.

Akaniangalia usoni muda mrefu, kisha akamtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa ametazama kwingine.

"Kweli, Mama?"

"Kweli."

Hakuniamini. Alichukua mfuko wangu wa chakula, akaubeba, tukaenda kutafuta teksi.