Mwenye Simba

Leo asubuhi niliondoka Soweto, Mbeya, bila kujua naenda wapi. Aliyenikera ni dubu. Kwenye runinga ya mgahawa, watafiti wa Ulaya walikuwa wakimvalisha dubu wa kahawia mkanda wenye kifaa cha kumfuatilia shingoni, wajue anakula matunda gani na analala pango lipi majira ya baridi. Niliacha shule mapema, lakini mambo kama hayo nayapenda mno. Kisha mfugaji mmoja akauliza nani atajibu kuhusu kondoo wake walioliwa. Wakamwonyesha ramani. Chai ikanishinda, nikapanda basi la Iringa.

Unajua, rafiki yangu, mimi nilikulia Idodi kwa bibi, jirani na hifadhi. Nyumba ilinukia moshi na maziwa ya mgando tuliyolia viazi vitamu. Ng'ombe wetu alikuwa mmoja tu, mweusi, na ndiye aliyetulisha.

Kwetu, mnyama wa jirani akiingia shambani humpigi. Unamfuata mwenye mnyama, naye anakuja kuomba radhi, kuku mkononi. Ndiyo maana simba mwenye mkanda alipoanza kuzunguka kijijini na vijana wakashika mikuki, bibi aliwazuia.

"Huyo ana mwenyewe," alisema. "Hamuoni mkanda?"

Mmoja akamwambia basi akamkamue. Wakacheka, lakini wakamtii.

Siku chache baadaye simba akamla ng'ombe wetu. Bibi alivaa kitenge chake cha kanisani, akabeba kengele ya ng'ombe, tukaenda kambini kwa watafiti waliomvalisha simba mkanda. Mkubwa wao alitupatia soda, akatueleza kwa furaha kwamba walijua simba yuko zizini kwetu. Mashine iliwaonyesha.

"Kumbe mlimwona?" bibi akauliza.

"Tulimwona, mama. Ila si wetu. Sisi tunamfuatilia tu."

Bibi hakuigusa soda. Tangu hapo tulikunywa chai ya rangi, na neno lake halikusikilizwa tena kijijini. Akisema jambo, watu walimuuliza simba wake hajambo. Alikufa akiulizwa hivyo.

Nimefika Idodi jioni. Zizi halipo, nyumba haipo, wala wa kuombana radhi sioni. Mahali pale pamejengwa gesti mpya, ukutani wamechora simba, na mkanda hawakuusahau. Dada wa mapokezi amenipa ufunguo.

"Karibu, kaka. Umekuja kuona simba?"

"Hapana, dada. Nimemfuata mwenye simba."