Msiba Ambao Haukuwapo

Jumanne asubuhi nilikuwa ninamenya viazi nilipopigiwa simu na askari wa geti wa kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi zamani. Aliniambia kwamba yule mama mpimaji wa maziwa amefariki. Nikamuuliza ni ugonjwa gani, swali la kijinga, kwa sababu sote wawili tulijua. Akasema mume yuko korokoroni tangu Jumapili. Msomaji wangu, leo utaniwia radhi. Nilikuwa nimekuandalia maneno juu ya bei ya unga, lakini siwezi.

Kabla kalamu haijaanza kunilisha, nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda cha maziwa hapa Nakuru, na marehemu alikuwa chini yangu kwa miaka sita. Kazi yake ilikuwa kupokea mitungi na kupima kama maziwa yametiwa maji. Alikuwa mkali, jamani! Siku moja mkulima mmoja wa Bahati, mzee wa kanisa mwenye heshima zake, aliletewa matokeo mabaya akajitetea kwamba mvua ilinyesha njiani. Marehemu akamuuliza kwa upole kama ilinyeshea ndani ya kifuniko. Foleni nzima ilicheka, na mzee akarudisha mitungi yake kwenye pikapu bila neno. Ndiyo maana hata matangani watu walikuwa wakinong'ona: mwanamke kama yule alipigwaje? Kana kwamba ukali wa kazini ni koti la kwenda nalo nyumbani.

Na sisi tuliona. Alivaa mikono mirefu wakati wa jua kali, na alianguka bafuni mara nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfahamu. Siku alipozirai kazini, ofisi ilimpigia mumewe, kwa kuwa jina lake ndilo lililokuwa kwenye fomu ya mtu wa kuarifiwa wakati wa dharura. Akaja na shati lililopigwa pasi, akatushukuru mmoja mmoja, akamchukua. Baadaye marehemu aliomba jina hilo liondolewe, liwekwe la dadake. Akaambiwa alete barua iliyotiwa sahihi na mume. Hakuna aliyecheka, wala hakuna aliyekasirika. Tulijiambia mambo ya mke na mume hayaingiliwi, tukaenda kunywa chai.

Mwishowe alinijia mimi. Alisema amehama kwa mumewe Kaptembwo na watoto, yuko kwa dadake mtaa wa Section 58, na hataki mumewe amkute njiani. Aliomba zamu ya asubuhi na ruhusa ya kutokea geti la nyuma, lile la malori. Nilikubali papo hapo, na nakiri kwamba nilijiona mtu mwema. Sikumwambia askari, sikumwambia yeyote. Nilidhani siri ni kunyamaza tu.

Wiki ya tatu mume alikuja ofisini, sauti imeshuka, macho mekundu. "Mzee, mama mkwe ametuacha asubuhi hii," alisema. "Tafadhali msimwambie hapa kazini, ataanguka. Nitampokea mwenyewe akitoka, nimwambie pole pole."

Ni nani kati yetu asiyejua desturi hiyo? Habari ya msiba hairushwi kama jiwe. Huletwa na mtu wa nyumbani, mfiwa akiwa ameketi. Nilisahau yote niliyoambiwa, nikamshika mkono, nikampa pole. Halafu nikamwambia: saa tisa, geti la nyuma.

Mama mkwe alikuwa mzima, kwao Bahati, akipalilia mahindi. Marehemu alirudi kazini baada ya mwezi mmoja, mkono umefungwa plasta, akiwa amerudi Kaptembwo. Nilipojaribu kuomba msamaha alinikatiza. "Mzee, nilikuambia wewe peke yako." Hakuniomba kitu tena, wala ofisi haikuombwa kitu tena. Alikaa na mume yule miaka miwili mingine, hadi Jumapili iliyopita.

Tulimzika Alhamisi. Mamake, yule niliyemlilia angali hai, alinishika mikono yote miwili kando ya kaburi, akasema, "Asante kwa kumtunza mtoto wangu huko kazini." Nilishindwa kumwambia. Naandika hapa kwa sababu nilishindwa.

Wenye ofisi na viwanda, hamhitaji kuwa mahakimu wa ndoa za watu. Badilisheni jina kwenye fomu mtu anapoomba, bila barua ya mume. Askari wa geti aambiwe ni nani asiyeingia. Anayehitaji siku mbili za kuhamisha watoto apewe bila kuhojiwa. Na mtu akija kuuliza mfanyakazi wenu anatoka saa ngapi, hata akija na machozi, hata akija na msiba, mwambieni asubiri, mkamuulize mwenyewe kwanza. Kutoka meza yangu hadi alipokuwa akipima maziwa siku ile zilikuwa hatua thelathini, nami sikuinuka.