Mzigo wa Sudi

Haya ninayokueleza yalinipata mimi mwenyewe, hapa hapa Dar, mchana wa jua kali. Sikuhadithiwa na mtu. Jina langu sitalitaja, na ukifika mwisho utaelewa kwa nini siku hizi nina adabu sana na majina. Kama huamini, njoo unitazame mdomo. Umevutwa kidogo upande mmoja, na sikuzaliwa hivyo.

Kwanza nikiri kitu. Mimi ni mtu wa wivu. Si wivu wa kumchomea mtu nyumba, hapana. Wivu wangu ni ule wa kimya, wa kukaa na mwenzako sinia moja huku unamtazama matonge yake. Na niliyekuwa namwonea wivu ni rafiki yangu wa kufa na kuzikana, Sudi.

Mimi na Sudi tulikuwa tunavua kambale Jangwani, lile bonde la katikati ya mji lenye maji machafu. Najua unachowaza. Lakini masika yakipita, mto unarudi kwenye mkondo wake na kuacha bwawa kubwa pale bondeni, na ndani ya bwawa wanabaki kambale wa kutosha. Mteja akiuliza wametoka wapi, wametoka Rufiji. Usinikunjie uso, huenda umeshawala.

Hatukuwa na mashua wala nyavu. Tulivua kwa vidumu. Unachukua kidumu kitupu cha mafuta ya kula, kile cha njano cha lita tano, unakaza kizibo, unafunga kamba ya nailoni kwenye mkono wake, na mwisho wa kamba unaweka ndoana yenye utumbo wa kuku. Utumbo tulipewa bure na wachinjaji wa kuku. Unatupa majini, unakaa. Kambale akimeza, kidumu kinazama, kinaibuka, halafu kinaanza kukimbia peke yake juu ya maji. Hapo unapanda mpira wa ndani wa tairi la lori, unapiga maji kwa mikono na kukifuata mpaka ukikamate. Kazi tamu ile, sikufichi.

Sheria yetu ilikuwa moja. Kila mtu ana rangi yake. Vidumu vyangu nilivipaka mkanda mwekundu, Sudi vyake mkanda mweupe. Kidumu kinashikwa na mwenye rangi yake tu, hata kama kinakimbia na mwenyewe hayupo. Kila aliyevua kwenye lile bwawa aliifuata sheria hiyo, na sikuwahi kusikia mtu kagombana na mwenzake kwa sababu ya samaki.

Sasa, Sudi. Tulinunua ndoana duka moja, tulichota utumbo ndoo moja, tulitupa maji yale yale. Vidumu vyake havikumaliza hata nusu saa bila kuzama. Vyangu vilishinda vimetulia, vinaota jua. Tena kambale wake, niamini, hawakuwa na harufu ya tope. Wangu walinuka tope hata ukiwakamulia ndimu kumi. Aliyeligundua hilo ni Zuhura, dada mmoja aliyekuwa na meza ya kukaanga samaki kwenye uchochoro wa Kariakoo. Zuhura huyo nilikuwa nimempenda mwaka mzima bila kumwambia. Siku hiyo akamnusa samaki wangu, akamnusa wa Sudi, akasema mbele ya wateja, "Kaka, wako wasubiri kwanza. Nipe wa Sudi." Watu wakacheka na mimi nikacheka. Kifuani nilikuwa naungua.

Tangu hapo kila alichofanya Sudi kiliniudhi. Akicheka, naudhika. Akivaa shati jipya, nalikuta na kasoro. Kilichoniudhi kupita vyote ni hedifoni zake. Akiwa pale bwawani hazimtoki masikioni, muziki umefunguliwa mpaka mimi niliyekaa mbali nausikia. Ukimwita hasikii, mpaka umrushie tope mgongoni. Nikasema moyoni, huyu anaringa, hataki kuongea na sisi wenye samaki wa tope. Halafu kila siku, adhuhuri ikikaribia, anaacha kila kitu na kuondoka, harudi mpaka alasiri. Hata kama vidumu vyake vitatu vinakimbia kwa pamoja, anaviacha vikimbie. Nikasema, ana samaki mpaka anawachezea. Hivi wewe ungewaza nini?

Ikaja Ijumaa moja. Wenzetu wote walikuwa wameshatangulia msikitini. Sudi akanawa miguu, akavaa kofia, akaniita.

"Oya, swala hiyo. Twende."

"Tumbo linaniuma. Tangulia tu."

Uongo. Sikuwa na tumbo wala nini, nilikuwa sitaki kutembea naye barabarani watu wakimsalimia yeye kwanza. Akanitazama kidogo, akavuta hedifoni moja sikioni.

"Basi usikae hapa, mwanangu. Kapande kule juu barabarani, kuna kivuli. Na vidumu vyangu usivisogelee, hata vikizama vyote."

Akaondoka. Mimi nilichosikia katika maneno yale ni kwamba ananiita mwizi. Nikakaa pale pale kwa hasira, nikajifunika shati kichwani. Tangu utotoni tuliambiwa saa saba mchana mtu asizurure penye maji wala penye miti mikubwa, kwamba ni saa ya wenyewe. Hilo nalijua na nililikumbuka. Lakini mwenye wivu huwa na kazi moja tu, na mimi nilikuwa nayo, ya kutazama vidumu vya mkanda mweupe.

Kwanza kikazama kimoja. Kisha cha pili. Kisha vyote vilivyobaki vikazama pamoja, kama vimevutwa na mkono mmoja, na havikuibuka. Maji yakatulia. Kule juu nilikuwa nasikia magari yakipita, sauti ikawa inafifia, mwishowe nikawa sisikii hata gari moja. Ndipo nikasikia mtu anaita.

"Sudi."

Sauti yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Ilikuwa ya mtu aliyechoka. Kama umewahi kufanya biashara Kariakoo, unawajua wapagazi wanaopita na magunia wakitafuta mwenye mali duka kwa duka. Basi ilikuwa hivyo hivyo.

"Sudi. Mzigo wa Sudi."

Nikainua shati. Katikati ya bwawa alikuwa anakuja mtu mzima, kavaa kaptula na singlendi, gunia kichwani, mkono mmoja umelishika. Maji yalimfika magotini. Pale alipokuwa anapita mimi nilishawahi kushusha kamba ndefu kuliko watu watatu na sikugusa chini. Utaniuliza, kwa nini hukukimbia? Ni kwa sababu gunia lilikuwa linacheza. Lilikuwa limejaa samaki hai, na macho yangu yalikuwa kwenye gunia, hayakuwa kwa mtu.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

Hakusema marahaba. Alifika ukingoni akasimama, uso wake ukiwa kivulini mwa gunia.

"Sudi ni nani hapa?"

Ningeweza kusema ameenda kuswali. Ningeweza kusema simjui. Nilichokiona pale mbele ni Zuhura akiinama kunusa samaki, akisema, leo nipe wako. Nikafungua mdomo.

"Ni mimi."

"Nimekuita miaka mingi."

"Nilikuwa sisikii," nikasema.

Naye akatikisa kichwa taratibu, akaonyesha kuridhika na jibu hilo.

"Na vyote vya Sudi ni vyako?"

"Vyote."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

Akalitua gunia miguuni pangu. Akasema, "Basi nimeshakujua," akageuka akarudi alikotoka. Nikatazama alipokuwa amesimama. Tope lote la ukingoni lilikuwa bichi, isipokuwa nyayo zake mbili. Zilikuwa kavu, nyeupe, zimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Papo hapo nikahisi kitu kimenichoma kwenye pembe ya mdomo. Nikadhani ni siafu, nikapangusa, sikuona kitu. Nikabeba gunia.

Na nilikwenda nalo wapi? Kwa Zuhura, moja kwa moja. Nilitembea kutoka Jangwani hadi Kariakoo na gunia lile kichwani sikuhisi uzito wake. Zuhura akafungua, akamtoa mmoja, akanusa, akacheka kwa furaha. Walikuwa safi kana kwamba wameoshwa.

"Hawa ndio samaki," akasema. "Ahsante sana, Sudi."

Nikamwambia mimi si Sudi. Akanishangaa. "Kwani nimesemaje?" Hakuwa na utani, alikuwa hajui alichosema. Muuza vikombe wa meza ya jirani akaniomba nimpishe, naye akaniita Sudi. Huyo hatukuwa tunajuana hata kidogo. Hapo nikaanza kuogopa.

Sudi mwenyewe alitokea baada ya swala. Alitazama samaki, akanitazama mimi mdomo, kisha akavuta benchi akakaa. Uso wake ulikuwa umepauka.

"Umeitika?"

Nikatazama gunia. Alijua tu. Akanieleza pale pale, kwa sauti ya chini, Zuhura akiwa amegeukia karai lake la mafuta. Kwamba kwao Rufiji, akiwa mdogo, alianguka mtoni akatolewa akiwa hai, na tangu hapo kila penye maji yaliyosimama, jua likifika utosini, alikuwa anaitwa. Bibi yake alimwonya asiitike hata siku moja. Muziki ulikuwa wa kumziba masikio. Kuondoka mchana kulikuwa ni kukimbia ile sauti.

"Na samaki je?" nikamuuliza.

"Samaki wale si riziki, ndugu yangu. Ni chambo. Mimi miaka yote nimekula chambo, ndoana naiacha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, miaka yote ile tukiwa marafiki.

"Ningekwambia, ungesemaje? Ungesema nakuzuia usipate."

Na ni kweli. Ningesema hivyo hivyo.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo likinijia naumia. Alizitoa hedifoni masikioni, zote mbili, akazikunja polepole, akaziweka mfukoni. Akakaa anasikiliza. Wapiga debe, mikokoteni, mafuta yanayochemka kwenye karai la Zuhura, yeye alikuwa anayasikiliza yote kama mtu aliyetoka jela. Alinionea huruma, nakubali, machozi yalimlenga. Lakini alikuwa mwepesi. Nilimwona anavyokuwa mwepesi mbele ya macho yangu, nikamwonea wivu upya.

Vidumu vyake havikukamata tena hata kambale mmoja tangu siku hiyo. Aliacha kuvua, akaanza kuuza mikoba Mchafukoge. Amemuoa Zuhura. Harusi nilikwenda, pilau nilikula, na mshereheshaji alipomwita bwana harusi jukwaani kwa jina lake, mimi ndiye niliyesimama. Watu walicheka sana wakadhani nafanya vituko.

Mdomo nao ukaendelea kuvutwa. Daktari aliniambia ni mshipa wa fahamu, akanipa vidonge, akasema utapona. Sikumbishia. Lakini kuna jambo ambalo sikumweleza. Nikitazama kaskazini unavutwa kushoto, nikigeuka kusini unavutwa kulia. Nimejaribu nikiwa bandarini, nimejaribu nikiwa Mchafukoge, nimejaribu juu ya paa la ghorofa. Popote nilipo, pembe ya mdomo wangu inavutwa kuelekea Jangwani. Kuna siku inavutwa kidogo tu. Kuna siku, hasa masika, najikuta nimeshatembea mitaa miwili kabla sijajua naelekea wapi.

Na naitwa. Saa saba mchana, dimbwi lolote, ndoo yoyote ya maji iliyotulia, nasikia sauti ile ya mtu aliyechoka. "Sudi. Mzigo wako mwingine huu, njoo upokee." Nilinunua hedifoni na mimi. Hazisaidii. Yeye zilimsaidia kwa sababu alikuwa hajaitika.

Kila asubuhi nikipita bwawani nakuta samaki ukingoni, kumi na zaidi, hai, safi, bila harufu ya tope. Siwagusi. Yaani, nilikuwa siwagusi. Maana nimefikiri sana, na nimeona kwamba mimi nilimtoa Sudi kwenye ndoana bila hata kujua ninachofanya. Ilitosha mtu mwingine apokee na aseme ni vyake.

Kwa hiyo nakuonya, na ninakuonya kwa moyo mweupe kwa sababu leo bado ninao. Ukisikia jina la mwenzako linaitwa penye maji, nyamaza, mwache mwenyewe aitike au asiitike. Kitu cha mwenzako kikikupendeza sana, muulize kwanza anakilipia nini. Na ukipita Kariakoo mchana, ukakutana na mtu mdomo umekwenda upande, amebeba gunia linalocheza, anakuuliza kwa upole kama unataka samaki wa bure, mkatalie na uondoke. Usimwonee huruma. Huyo nitakuwa mimi, na ninawaonea wivu sana nyinyi wote mnaoitwa kwa majina yenu.