Nani Anazima Moteri

Wakati wa vita vya kwanza vya huku kwetu, mafuta yalipouzwa kwa chupa kandokando ya barabara na bei ikapanda kila jeshi jipya lilipoingia mjini, baba yangu alijifunza kuendesha gari bila moteri. Alikuwa dereva wa pikapu ya mboga kati ya Butembo na Beni. Akifika kwenye mteremko alizungusha ufunguo, gari likanyamaza na kushuka lenyewe, na akina mama waliokaa juu ya magunia ya kabichi wakaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa hofu. Kwenye bariera za askari alifanya vivyo hivyo. Hakuchoma hata tone la bure, na alijisifia jambo hilo mpaka tukachoka kumsikiliza.

Miaka mingi baadaye, vita vikiwa vimebadilisha majina tu, sisi watoto wake tulimnunulia gari dogo lililotoka Japani, lenye usukani wa kuume na maandishi ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuyasoma. Alilifurahia sana. Halafu mambo yakaanza.

Siku moja alirudi kutoka Oicha, hata chai hakuitaka. Alisema askari wa bariera alimwamuru azime moteri, naye akakuta imekwisha kuzimwa.

"Ni mukono yangu ilizima," alituambia. "Mi mwenyewe sikuona."

Tulicheka. Mazoea yana taabu, nikamwambia. Lakini ikatokea tena, na tena. Safari nyingine alikuta moteri inanguruma, wala hakukumbuka kuiwasha. Safari nyingine alisimama palepale, kwa askari walewale, nayo haikuzimika kabisa, na hilo ndilo lililomvuruga zaidi.

Tulimwita fundi. Alilizungusha gari mtaani asubuhi, moteri ikiwa bado baridi, akarudi akasema gari ni zima, halina shida yoyote. Sisi tulimshukuru. Baba hakumshukuru. Kwake maneno yale yalikuwa hukumu, maana kama gari ni zima, basi mgonjwa ni yeye.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikageuka. Mama alimfuata baba mpaka mlangoni kila alipotoka. Mimi nilianza kumhoji kama mwalimu wa shule ya msingi: jana alikuja nani, leo tumekula nini. Alijibu yote sawasawa, na bado sikutulia. Niliogopa kumpoteza akiwa angali hai, na mimi nikiogopa huwa mkali. Nilimfokea mara nyingi kwa mambo madogo. Jumapili moja, baada ya ibada, aliniwekea ufunguo mkononi.

"Utakuwa unaendesha weye," alisema. "Mi nitaua batu mu barabara."

Muda si mrefu tukaenda pamoja hadi Mavivi kumpokea shangazi, aliyekuwa anakuja kwa ndege. Baba alikaa pembeni yangu, mikono magotini, kama mgeni ndani ya gari lake. Tulipokwisha kupita Beni tulikuta foleni ndefu mbele ya bariera. Nilikanyaga breki, nikasimama, na moteri ikanyamaza.

Nilitazama mkono wangu. Ulikuwa kwenye usukani. Sikuelewa kitu. Nikainua mguu kidogo, moteri ikawaka. Nikakanyaga, ikanyamaza, na taa ndogo ya kijani ikatokea mbele yangu. Nilirudia na kurudia hadi dereva wa nyuma akapiga honi.

"Papa, si weye," nikasema. "Ni motokari. Ikisimama inajizima yenyewe, juu ya kulinda mafuta. Lakini kama ingali baridi, inakataa. Iko nafanya kama vile weye ulikuwa nafanya zamani."

Nilikuwa nacheka, machozi yananitoka. Nilimwambia kwamba kutoka uwanja wa ndege ataendesha yeye, na kwamba mama atafurahi mno. Nilingoja ajisifie. Yeye alikuwa anaitazama ile taa ya kijani.

"Kumbe ni motokari ilikuwa nazima," alisema.

"Ni yo, Papa."

"Na kuwasha?"

"Ni yo vilevile."

Alitikisa kichwa polepole. Kisha akanigeukia na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua:

"Na ile siku mbele ya pasta, nilisahabu jina ya mama yako. Ile nayo ilikuwa motokari?"

Askari akatupungia mkono tupite. Niliinua mguu, na gari likaenda. Hakuna aliyekuwa amenieleza habari ya siku hiyo.