Mlango wa Nyuma wa Pikapu Yangu

Hasira bado ninayo, na kibaya zaidi ni kwamba sina wa kumkasirikia ila nafsi yangu.

Rafiki yangu aliyekwenda kusoma Ulaya aliniletea boksi la vipande vya plastiki vya kuunga pikapu ndogo, isiyozidi kiganja. Niliiunga kwa gundi jioni, nyumbani kwangu mtaa wa Katandala. Niliinua springi zake zifanane na za magari yanayoteremka mlima mkali kwenda Muze, nikaishonea turubai kwa shati kuukuu. Ukabaki mlango wa nyuma tu, nao asubuhi sikuuona.

Mwizi nilimjua. Jioni ile Anyandwile, karani mwenzangu kutoka Mbeya, alipita kunisalimia, akacheka: "Kumbe chuo kikuu mlifundishwa kuchezea magari."

Nilikasirika hata uji ukanishinda. Siku hiyo ofisini kulikuwa na kikao cha kumkabidhi Anyandwile funguo za ghala la mahindi. Nikasimama kabla hajazipokea.

"Ndugu mwenyekiti, huyu ni kupe. Ameniibia mlango wa pikapu yangu ya plastiki. Mahindi ya wananchi atayaacha?"

"Mlango wenyewe ukoje?" mwenyekiti akauliza.

"Mwekundu, mdogo hivi," nikainua mkono kuonyesha.

Bi Skolastika, mpiga chapa wetu, alikuwa nyuma yangu. "Kama huo ulioganda kwenye kiwiko cha sweta lako, kaka?"

Niliuvuta, haukubanduka. Gundi ilishika sweta kuliko ilivyoshika pikapu.

Anyandwile akapokea funguo zake. "Vua hilo sweta, ndugu. Nikalifungie ghalani, mlango usije ukaibwa tena."