Masanduku Juu ya Kitanda

Wapiga ala wengi ninaowajua husikiliza muziki nyumbani kwenye redio iliyofungwa kwa mpira, antena yake waya wa kuanikia nguo, wala haiwasumbui. Wanasema wameshiba sauti kazini. Mimi sikushiba. Nilipiga fidla katika okestra Nairobi, na msimu wa watalii nikateremka Malindi kupiga hotelini wageni wakila kamba, na kila nilichokipata kiliishia kwenye spika, sindano za santuri na nyaya ambazo mama yangu aliziita kamba za kunyongea akili. Nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina kabati la nguo, lakini nyaya za shaba safi ninazo.

Fidla yenyewe niliachiwa na mwalimu wangu, mtawa mzee aliyenifundisha tangu nina miaka tisa. Ilitengenezwa Ufaransa kabla babu yangu hajazaliwa. Mgongo wake ulikuwa wa mbao moja yenye michirizi, na mahali pa kidevu rangi ilikuwa imeliwa na jasho la watu waliokwisha kufa. Aliniachia kwa sharti moja tu, kwamba isikae kimya. Sikuiacha popote, hata nilipokwenda sokoni kununua nyanya.

Ndiyo maana nilikuwa nayo Garsen, mji mdogo kando ya mto, kaskazini ya Malindi. Mhandisi mmoja mzungu wa mradi wa mpunga, mteja wa ile hoteli ya Malindi, aliniambia anarudi kwao na anauza amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo za mashine za zamani, pamoja na sahani ya santuri na spika mbili. Ilikuwa Novemba, mwaka wa tisini na saba, na mvua ya Elnino ilikwisha kuanza. Dereva wa hoteli alinionya kwamba barabara ile ikikatika hairudi kesho. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilimwambia naenda asubuhi na jioni nitakuwa nimerudi kazini.

Nyumbani kwa mhandisi aliwasha mashine, tukangoja valvu zipate moto, kisha akaweka santuri ya fidla peke yake. Nilisikia mpigaji akivuta pumzi kabla upinde haujagusa uzi. Nililia mbele ya mtu nisiyemjua, sioni aibu kusema. Nilimpa akiba yangu yote, tukafunga vitu katika masanduku manne ya mbao, na dereva wake akaniteremsha Garsen nitafute lori la kwenda Malindi. Mhandisi akaondoka kwa ndege ndogo. Mimi sikuondoka, kwa sababu mchana ule barabara ya Malindi ilikatika kabla ya Tarasaa, na kufikia usiku upande wa pili, wa Hola, nao ulikuwa umekwenda na maji.

Nilipanga chumba kwa mjane mmoja wa Kiorma, mama wa makamo ya kuelekea uzeeni, mwenye vyumba vinne vya mabati na, nyuma yake, nyumba yake mwenyewe ya miti na nyasi ambamo alikuwa akifukiza vyombo vya maziwa kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Ng'ombe wake walikuwa na wanawe huko nyikani, na kila siku habari zao zilikuwa mbaya kuliko za jana. Maji yalikuwa yakiwazunguka, na waliookoka maji waliuawa na ugonjwa. Matangazo yalikataza watu kugusa mizoga. Yule mama alisikiliza, akaenda kuchochea moto wake.

Siku za kwanza nilitembea hadi mwisho wa lami mara tatu kwa siku kutazama maji. Siku ya tano nikaacha. Simu ilikuwa imekufa. Mji ulikuwa kisiwa, chumba changu kisiwa ndani ya kisiwa, na sakafu yake ilianza kutoa maji kama jasho. Nikayapandisha masanduku kitandani, yakakijaza chote, nami nikalala kwenye benchi miguu ikining'inia. Nilikuwa na mashine ya kusikilizia iliyo bora kuliko zote nilizowahi kugusa, na chumba hakikuwa na hata soketi ya umeme. Nilikaa nayo uso kwa uso mchana kutwa. Nilikuwa nikifungua mfuniko, nagusa valvu moja, nafunga. Ukiniuliza jela ni nini, nitakueleza chumba kile.

Tulikuwa wapangaji kumi na mmoja tuliokwama, wengi wafanyabiashara. Jioni moja mama mwenye nyumba aliniuliza kile kijisanduku cheusi kina nini, nikamwambia ni ala ya muziki, akasema basi niwapigie wenzangu, watu wamechoka kusikiliza mvua. Nikamweleza kwamba unyevu ule ni sumu, kwamba mbao zake ni nyembamba, kwamba ala ya namna ile haipigwi popote tu. Nilisema kwa sauti ile ninayoitumia kwa wahudumu wa hoteli. Alitikisa kichwa polepole na hakuniuliza tena.

Ili kuiokoa na sakafu, niliitundika. Kitanda kimejaa masanduku, fidla ni nyepesi, boriti ipo: nikafunga kamba nikaipandisha hadi chini kabisa ya mabati, pale ambapo maji yasingeweza kufika hata yakija magotini. Nilijiona mwerevu. Kila mwanafunzi wa fidla hufundishwa mwaka wa kwanza kwamba mbao zake zimeshikana kwa gundi ya ngozi ya ng'ombe, na kwamba gundi hiyo inaogopa joto na unyevu vikija pamoja. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu. Lakini nilikuwa nimeogopa maji kwa siku nyingi mno, nikalisahau jua.

Jua lilikuja siku ya kumi na mbili, kali, saa tano hadi saa tisa. Wote tulitoka nje kulipokea. Nilianika nguo, nikacheka na watu kwa mara ya kwanza. Niliporudi chumbani mabati yalikuwa yakilia kwa joto, na nilipoiteremsha fidla kasha lake lilikuwa la moto mkononi. Nikafungua. Uso wa fidla ulikuwa umeachana na ubavu kutoka kiunoni hadi chini. Kucha yangu iliingia yote.

Nilizilegeza nyuzi haraka kabla hazijaukunja mwili wake, nikakaa sakafuni kwenye maji. Fidla ikikaa wazi hivyo katika unyevu ule, mbao hujipinda, na zikishajipinda hazirudi. Nilikuwa na siku chache tu. Duka la Msomali lililokuwa jirani liliuza gundi ya viatu na ile ya kubandika haraka, na nilijua kwamba nikitia mojawapo nitakuwa nimeiua kwa mkono wangu, maana fundi hataweza kuifungua tena bila kuivunja. Nilikwenda dukani hata hivyo. Nilishika kichupa, nikakirudisha.

Mama mwenye nyumba alinikuta mlangoni nikilia. Akainama, akatia kidole chake pale palipofunguka.

"Hii kitu iko na ugonjwa gani?"

Nikamwambia gundi imeachia. Akauliza gundi gani. Nikasema ya ngozi ya ng'ombe. Akacheka, cheko fupi la mtu asiye na furaha, akasema nimekuja kwa Waorma kulilia ngozi. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu wote wawili tulikumbuka palepale: ngozi zilikuwa zimelala kila mahali katika maji, juu ya mizoga ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Akaenda nyumbani kwake. Alirudi na kisu na kipande cha ngozi kavu, kikuukuu, kirefu kama mkono wangu.

"Hii haina ugonjwa," alisema. "Iko ya zamani. Nimezaa watoto sita juu yake."

Ilikuwa ngozi yake ya kulalia, aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa. Aliikata upande wa miguuni. Nilimwambia siwezi kuipokea, naye akaniambia imekwisha kukatwa, nitairudishaje.

Tuliiloweka katika maji ya jivu kutoa mafuta, tukaikwangua, tukaisuuza, tukaiweka kwenye sufuria nyumbani kwake juu ya moto mdogo. Kazi yote ni kuuzuia moto. Ikichemka, gundi imeharibika. Yeye aliujua moto wa namna ile kuliko mimi, kwa kuwa moshi wa maziwa nao hautaki haraka. Kwa siku mbili tulikaa pale kwa zamu. Alinisimulia ng'ombe wake kwa rangi zao, huyu aliyeonekana, yule asiyeonekana. Tulichuja kwa leso yangu, nikajaribu kwenye vijiti viwili, vikashika. Nikaipaka fidla, nikaifunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, tukaiweka pembeni mwa moto wake, mbali kidogo, pakavu kuliko mahali pengine popote Garsen. Ikakaa siku nne katikati ya vyombo vya maziwa.

Nilikaza nyuzi moja moja, nikiisikiliza gundi. Ilishika. Nikapiga pale pale, nimekaa kwenye kigoda, moshi machoni, kipande cha polepole ambacho mtawa alikipenda. Sauti ilikuwa imebadilika kidogo, nzito upande wa chini, kama mtu aliyeamka sasa hivi. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho. Nilipomaliza aliyafumbua.

"Hii ndiyo wewe ulificha?"

Nilipiga tena, na tena. Wapangaji wakaja wakasimama mlangoni, wanawake wa jirani nao wakaja, na kila jioni iliyobaki nilipiga hadi vidole vikauma.

Mashua ya watu wa msaada ilipofika walisema mtu na mfuko mmoja. Nilikumbatia kasha la fidla, nikamwomba mama anitunzie masanduku. Nilimwonyesha jinsi yanavyoogopa maji na mchwa, nikarudia mara mbili, nikamwambia pale kitandani yalipo ndipo panapofaa.

"Nenda, mwanangu. Hii itakaa kitandani."

Barabara ilirudi Aprili. Nilikodi pikapu Malindi, nikaenda kuyachukua. Njia ilikuwa mbovu na vumbi jingi, kwa hiyo fidla niliiacha hotelini, imefungiwa salama kabatini mwa meneja. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiacha. Nilijisifu kwamba nimejifunza tahadhari.

Chumba changu cha mabati kilikuwa na mpangaji mwingine tangu Januari. Mama alinipeleka nyumbani kwake. Masanduku yote manne yalikuwa juu ya kitanda chake cha fito, juu ya ile ngozi iliyokatwa, yamefunikwa shuka, mbao zake zimekuwa kahawia kwa moshi aliokuwa akiyafukiza kuzuia mchwa. Chini, kwenye udongo, palikuwa na mkeka na kanga aliyoikunja ikawa mto. Alikuwa amelala hapo miezi mitatu ya unyevu, na alipoinama kunionyesha kwamba hakuna hata kona iliyolowa, alishika goti kwa mikono miwili ndipo akainuka. Ng'ombe wake walikuwa wamebaki wanne.

Nje, wanawake watano walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta. Alikuwa amewaita aliposikia pikapu. Aliwaambia mwenye masanduku akija atakuja na ile nyingine, ile inayopigwa. Walikuwa wamevaa vizuri. Mmoja alikuwa ameleta maziwa.

Mama akatazama ndani ya pikapu, upande wa dereva, kisha nyuma.

"Ile iko wapi?"

Nilimwambia nimeiacha Malindi, kwa ajili ya vumbi.

"Kwa hivyo umekuja kuchukua hii tu," alisema. Hakukasirika. Aliwageukia wenzake akawaeleza kwa Kiorma, maneno machache, wakainuka mmoja mmoja wakikung'uta nguo. Yule wa maziwa alinipa maziwa hata hivyo, nami nikayanywa nimesimama, kwa kuwa kukataa kungekuwa kosa la pili.

Mashine ninayo hadi leo. Ni nzuri kweli; unamsikia mpigaji akivuta pumzi. Lakini valvu zikipata moto na mbao zake zilizofukizwa zikapata joto, harufu ya moshi wa maziwa hujaa chumbani, nami huizima kabla santuri haijafika nusu.